Moshi kila Desemba hela inapatikana, safari ya shule ya mtoto haina fungu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kimara na mume wangu. Tumepanga vyumba viwili na sebule. Mume wangu ameajiriwa, mshahara si mkubwa ila unaingia kila mwezi. Mimi nakaanga maandazi alfajiri, na mchana nauza barafu za ubuyu na ukwaju kwa wanafunzi. Hatulali njaa na ada inalipwa, kwa hiyo sikuandikii kulia shida. Ninachokuandikia wengine watakiona kidogo, ila mimi kinaninyima usingizi.

Tuna kiwanja Kiluvya na nyumba imefika kwenye lenta. Mwaka huu tulikubaliana tubane ili tununue mbao na bati, tupaue kabla ya masika. Nilikubali kwa moyo wote. Kila shilingi inaandikwa kwenye daftari kubwa linalokaa juu ya friji. Mume wangu amelichora mistari kwa rula: chakula, kodi, ada, nauli, umeme na maji, ujenzi, wajibu, na mwisho kabisa mengineyo. Mwisho wa mwezi anakaa nalo na kalamu nyekundu. Akikuta mengineyo yamezidi, anapiga mstari na kuuliza, bila kufoka, "Hii si tungeweza kuiacha?"

Na karibu kila kitu kinachowafurahisha watoto kiko kwenye mengineyo. Chipsi za Jumapili, keki ya siku ya kuzaliwa, kifurushi cha king'amuzi, nauli ya kwenda Coco Beach, vyote humo. Hata pedi za binti yetu wa miaka 13 zimo humo, na yeye kusoma anajua.

Nimtendee haki mume wangu. Bia ameacha. Mechi za Yanga alizokuwa akizifuata kibanda umiza, siku hizi anasikiliza redioni. Jioni akishuka Kimara Mwisho hapandi bodaboda, anatembea mpaka nyumbani na viatu vinafika vimejaa vumbi. Hanitungii sheria ambayo yeye mwenyewe haifuati.

Isipokuwa Desemba. Yeye ni mtu wa Marangu, kule Moshi, na kila Krismasi lazima twende. Hilo linaandikwa kwenye wajibu, na wajibu haupigwi mstari. Mwaka jana nauli ya basi ilikuwa 40,000 kwa kichwa, tuko watano, kwenda na kurudi ikawa laki nne. Hapo hujaweka kitenge cha mama mkwe, sukari na sabuni za kugawa kwa shangazi zake, nguo mpya za watoto maana hawawezi kuonekana kanisani na za zamani, mchango wa mbuzi, na noti za kuwaachia wazee mkononi. Tulipokaa kupiga hesabu, ilikuwa imepita milioni moja na laki mbili. Januari tukakopa ada.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Majuzi nilikuwa nabadilisha makava ya madaftari ya mwanangu wa darasa la nne. Ndani ya kava la daftari la Sayansi nikakuta karatasi iliyokunjwa na kukunjwa tena mpaka imekuwa kama kiberiti. Ilikuwa barua ya shule: ziara ya Bagamoyo, 35,000, usafiri na chakula humo humo. Tarehe ilishapita. Nikamuuliza kwa nini hakunipa. Akanijibu huku anachonga penseli, "Nilijua ni mengineyo, mama."

Sasa kuna upatu. Tuko wanawake kumi na wawili, tunatoa 50,000 kila mwezi, zamu yangu ni Novemba, nitapokea laki sita. Ni hela ya maandazi na barafu. Mume wangu ameshaiandika daftarini, upande wa wajibu: "Upatu, nauli Moshi." Hakuniuliza. Mimi nilikuwa na mawazo mengine. Nilitaka mwaka huu tusiende, nusu ya hiyo hela iingie kwenye bati, na nusu niwatembeze watoto likizo nzima hapa hapa Dar, labda hata tupande treni ya SGR twende Morogoro kwa mama yangu. Nikimwambia, najua atasema nataka kumtenga na kwao. Nikinyamaza, nitaitoa kwa kinyongo. Dada yangu ananishauri nimwombe kijumbe, yaani msimamizi wa upatu wetu, anisogezee zamu hadi Februari, halafu nimwambie mume wangu mchezo umechelewa.

Shangazi, nifanye nini?

Mama Watatu, Kimara

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma taratibu, na hapo kwa mtoto na penseli yake nimesimama kwa muda. Usijione unalalamikia kitu kidogo.

Nianze kwa kurudia nilivyokuelewa, ili kama nimekosea unisahihishe. Wewe na mumeo hamgombani juu ya kubana matumizi. Mlikubaliana, mnaheshimiana, na yeye anajibana kuliko wanaume wengi wanaotoa amri hizo. Mnapotofautiana ni kwenye mistari ya lile daftari: nini kiwe cha lazima na nini kiwe cha kuachwa. Mistari hiyo aliichora mmoja. Watoto nao wameisoma, na kila mmoja ameelewa yuko upande gani.

Kabla ya Moshi na upatu, kuna jambo ambalo silipimi mara mbili. Pedi za binti yako zitoke kwenye mengineyo leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Zikae pamoja na sabuni na dawa ya meno, kwenye vitu ambavyo hakuna anayeuliza kama tungeweza kuviacha. Msichana wa miaka 13 akiona kalamu nyekundu karibu na hitaji lake la kila mwezi, ataanza kutumia pedi moja muda mrefu kuliko inavyofaa, au atatafuta njia yake ya kuzipata, na hiyo njia huwezi kujua itampeleka wapi. Najua bei yake inauma. Serikali iliziondolea VAT mwaka 2018, mwaka uliofuata ikairudisha, na madukani wengi hawakuona tofauti yoyote. Lakini hapo si mahali pa kuokolea bati. Na sidhani mumeo alikusudia ubaya. Wanaume wengi huandika tu wasichokijua mahali penye nafasi.

Sasa tuje kwa kijana wako. Umelisoma lile tukio kama ushahidi kwamba watoto wamenyimwa raha. Mimi naliona na upande mwingine. Mtoto hakukataliwa safari. Alijikatalia mwenyewe, kabla ya kumpa yeyote nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Likizo nzima ya matembezi haitatibu hilo kama bado ataendelea kuamini kwamba kuomba ni kosa. Na kuna jambo hukuliandika: je, baba yake anajua? Nimelitafuta kwenye barua yako sikuliona. Kama hajui, basi unamhukumu kwa habari ambayo hajaipata. Mwanamume anayetembea kwa miguu toka Kimara Mwisho ili watoto wake walale chini ya bati lao, akiambiwa kwamba mwanawe ameficha barua ya shule kwa kuogopa daftari, huenda akatikisika kuliko unavyodhani. Huenda asitikisike pia. Lakini mpe nafasi ya kulisikia, tena peke yake, bila kulichanganya na Moshi. Ukiliunganisha na Moshi, atalisikia kama silaha.

Nikuulize la pili. Umeniorodheshea gharama za Marangu moja moja hadi sukari, ila hukusema kama watoto wanapapenda. Inawezekana wanapapenda sana. Mtoto wa Kimara anayecheza kwenye uchochoro kati ya kuta mbili, akifika mgombani akakuta binamu zake, maji ya baridi yanayotoka mlimani, maporomoko ya Kinukamori ya kwenda kutazama na bibi anayempakulia bila kupima, huenda hiyo ndiyo raha yake kubwa ya mwaka. Halafu kwa Wachaga Desemba si sikukuu tu. Ndipo ukoo unapokaa, kesi za mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, zinasikilizwa, wagonjwa wanatazamwa, wadogo wanaonyeshwa makaburi ya wakubwa. Mumeo akiiweka kwenye wajibu hadanganyi. Waulize watoto, kila mmoja kwa wakati wake, na uwe tayari kwa jibu ambalo hukulitaka.

La tatu ni la kwako wewe mwenyewe. Morogoro umeitaja mara moja tu, mwishoni, tena ukaiwekea "labda". Mama mkwe ana kitenge, ana sukari, ana noti ya kuachiwa mkononi. Mama yako mzazi yuko mstari gani kwenye lile daftari? Sijui kama nimegusa penyewe. Ila nilipokuwa nasoma nilipata wasiwasi kwamba unatumia raha ya watoto kubeba jambo ambalo unaogopa kulisema kwa jina lako: kwamba kwenu nako ni nyumbani, na watoto wanapaswa kulala huko pia. Kama ndivyo, liseme hivyo. Ni dai la haki na halihitaji kujificha nyuma ya watoto.

Tuzitazame njia zako, mwanangu, na gharama ya kila moja.

Kutokwenda Moshi kabisa ndiyo njia inayookoa hela nyingi kwa mara moja. Ila mumeo anaweza kwenda peke yake, na huko akiulizwa mke na watoto wako wapi, atajibu nini? Akirudi na maneno ya watu moyoni, bati mtaezeka lakini chini yake hamtakaa kwa raha. Kwa upande mwingine, familia nyingi hukaa mwaka mmoja bila kupanda mlima na ukoo hauvunjiki, hasa wazee wakijua kwamba kuna nyumba inajengwa. Wazee wa Kichaga wanaielewa lugha ya ujenzi vizuri sana.

Kwenda kwa gharama ndogo ni njia ambayo hukuitaja, na hapa naomba tupige hesabu pamoja. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyotangazwa Desemba 2023, basi la daraja la kati halipaswi kuzidi shilingi 67.84 kwa kilomita, na la kawaida 48.47. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550, hivyo daraja la kati linakuja kwenye 37,000 hivi, la kawaida karibu 27,000. Mkipanda la kawaida nyote watano kwenda na kurudi, mnaokoa kama 130,000 mkilinganisha na mwaka jana. Treni nayo ilirudi kubeba abiria hadi Moshi Desemba 2019, na kwa kawaida daraja la tatu ni nafuu kuliko basi. Ila si ya kila siku, safari inachukua usiku mzima na mtoto mdogo atachoka. Ulizia stesheni mapema.

Lakini tazama tena hesabu yako. Nauli ilikuwa laki nne kati ya milioni moja na laki mbili. Laki nane zilikwenda kwenye zawadi, nguo, mbuzi na mikono ya wazee. Basi la bei nafuu halitawaokoa kama mkifika huko bado mnagawa kama watu waliomaliza kujenga. Hapo ndipo penye mazungumzo halisi na mumeo, na hapo ndipo patakapomuuma, kwa sababu inagusa jina lake mbele ya ndugu zake. Nguo mpya za Krismasi kwa watoto watatu ni kiasi gani? Je, wangeshonewa nguo moja nzuri itakayovaliwa pia Pasaka? Shangazi wangapi hasa wanategemea sukari yenu, na wangapi wanapokea kwa sababu tu mmezoea kutoa? Maswali haya akiyajibu yeye, si wewe, yatakuwa na uzito.

Njia ya tatu ni ile ndoto yako ya likizo hapa Dar. Ninaipenda, na ninaiogopea kitu kimoja. Coco Beach hakuna kiingilio, lakini ukifika na watoto watatu bila chakula, kuna mihogo, kuna mishkaki, kuna aiskrimu, kuna wa kupuliza maputo, na bodaboda ya kurudia kwa sababu mdogo amelala. Ukirudia hivyo kila wiki, kufika Januari upatu umeisha na hujui umeishia wapi. Raha ya bei nafuu mjini hapa ipo, ila inataka mama atoke na kapu. Wewe unakaanga maandazi na unatengeneza barafu, tayari una nusu ya sherehe jikoni kwako. Pandeni mwendokasi hapo Kimara mpaka Kivukoni, waangalie samaki wakinadiwa soko la Feri asubuhi, mvuke na pantoni kwenda Kigamboni, mtu mmoja hatoi hata bei ya soda. Kijiji cha Makumbusho kiko barabara ya Bagamoyo, watoto wataona nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyo vijijini, na baba yao atapata la kuwaeleza wakifika kwenye ya Kichaga. Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi, ina sehemu ya watoto ambayo wazazi wengi wa mjini hawaijui. Siku ya mvua hapo ni pazuri kuliko kukaa ndani na kugombania rimoti.

Na Morogoro yako: SGR ilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000 kwa mtu mzima, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Binti yako wa miaka 13 atalipa kama wewe. Kwa nauli hiyo, familia yenu ni 52,000 kwenda, 104,000 kwenda na kurudi. Hiyo ni safari ya wikiendi moja, na haihitaji kuua ile ya Moshi. Zikipungua zile zawadi kidogo tu, zote mbili zinaingia. Tena sioni lazima iwe Desemba.

Sasa ushauri wa dada yako. Naelewa umetoka kwenye mapenzi. Kusogeza zamu si ubaya. Watu wanabadilishana zamu kila siku, na ukikumbuka mlivyokopa ada, Januari huenda ndiyo ingekuwa zamu ya maana kuliko zote. Linalonitisha ni hilo la kumwambia mume mchezo umechelewa. Wanawake kumi na mmoja wanajua ukweli, nao wana waume, na Kimara si kubwa kiasi hicho. Siku atakapojua, hatauliza habari za laki sita. Atajiuliza ni mstari gani mwingine wa daftari si wa kweli. Hiki mlichonacho, nyumba ambayo kila shilingi inaonekana, wenzako wengi wanakililia. Na jua pia kwamba kadiri unavyosogea mwisho wa mzunguko, ndivyo unavyobeba hatari ya aliyekwisha kupokea kuacha kutoa.

Lakini na yeye hakukuuliza. Hilo nalo silipiti. Kuandika hela ya maandazi yako bila neno ni kukuvukia mpaka, hata kama hakuona kwamba upo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe inatambua kwamba ndoa haigeuzi mali ya mke kuwa ya mume. Sikutajii ili ukaisome mezani kwa sauti. Nakutajia ili ukianza mazungumzo usiyaanze kama mtu anayeomba ruhusa. Unaweza kumwambia hivi: "Upatu wangu nataka tuupange pamoja, kwa sababu nina mambo yangu ndani yake." Kisha unyamaze, umsikilize.

Kama mtafika mahali pa kuzungumza, pendekezo moja ningelipeleka mezani. Daftari lichorwe mstari mpya wa watoto, wenye kiasi kidogo kisichobadilika, hata 20,000 kwa mwezi, na kalamu nyekundu isifike hapo. Wapange watoto wenyewe: wakitaka kifurushi cha king'amuzi mwezi huu, basi hakuna chipsi, wakitaka kuweka kwenye kibubu kwa ajili ya ziara nyingine ya shule, waweke. Kijana wako ameonyesha kwamba anajua kubana kupita umri wake. Sasa anahitaji kujifunza kutumia bila woga. Mumeo anaweza kusema 20,000 ni mabati yanayochelewa, na atakuwa anasema kweli. Mwombe mjaribu mpaka mwisho wa muhula mmoja, halafu mhesabu pamoja bati zimepungua ngapi na nyumbani kumebadilika nini.

Sikuchagulii, mwanangu. Wewe ndiye unayejua sauti ya mumeo akiguswa na sauti yake akikasirika. Jambo la mwisho ni la wakati. Mkikubaliana kupunguza au kuahirisha Marangu, mama mkwe aambiwe na mwanawe mwenyewe, kwa simu, mapema, kabla mbuzi hajatengwa na kabla hajawatangazia majirani kwamba wajukuu wanakuja. Akiambiwa wiki ya mwisho, lawama itakufuata wewe, hata kama uamuzi mliufanya wawili.